Profaili na kastomaizesheni kwenye gemu za kupigana onlaini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila leo, mengine yanatoka kwa watu wanaocheza tu, mengine kwa wale wanaotengeneza gemu zao na wanataka kujua wafungue wapi wabane wapi. Nimeyajibu kwa pamoja kwa sababu yanaingiliana. Na msimamo wangu niuweke mezani mapema usije ukasema sikukwambia: vaa unavyotaka, jipambe mpaka ung'ae, ila mtu anayepigana na wewe lazima aone ngumi inatoka wapi na ajue anapigana na nani. Ukivuruga hapo umeharibu gemu, hata kama nguo ni kali kiasi gani.

Profaili si jina na picha tu? Kwa nini watu wanaikuza hivyo?

Kwenye gemu ya timu mtu anaweza asikujue kabisa mpaka mechi iishe. Kwenye gemu ya kupigana ni wewe na yeye basi. Sekunde chache kabla ya raundi ya kwanza gemu inakuletea kadi yake, jina, renki, mhusika anayemtumia, cheo alichojipachika, hali ya mtandao wake, na hapo hapo ndo unaamua unakubali mechi au unaipiga chini, na ukikubali unaingia kichwani umejipanga vipi. Kwa hiyo kadi ile inafanya kazi, sio pambo. Street Fighter 6 kwa mfano inakuonyesha mpinzani anatumia kontrol za Classic au za Modern, na hiyo ni taarifa kubwa sana, maana mtu wa Modern anaweza kutoa pigo maalum kwa batani moja, huwezi kumtegemea achelewe. Na yeye analipia hiyo raha, pigo likitoka kwa njia ya mkato linapungua nguvu asilimia 20. Ukiijua hiyo unacheza naye tofauti.

Nikifungua gemu mpya nibadilishe nini kwanza?

Batani. Najua unataka kukimbilia mavazi, kila mtu anataka, ila mavazi hayaendi popote.

Gemu nyingi za ngumi zinaenda fremu (picha) 60 kwa sekunde, yani fremu moja ni kama milisekunde 16.7 hivi, na kuna vitu vinataka batani mbili ziingie pamoja, shambulio la Drive Impact la Street Fighter 6 kwa mfano ni ngumi nzito na teke zito kwa mpigo. Ingia modi ya mazoezi, washa historia ya batani, ile listi inayoshuka pembeni ya skrini, halafu bonyeza hizo mbili ghafla kama vile umeshtuliwa. Utaona mara zimekaa mstari mmoja, mara ngumi iko mstari wake na teke mstari wa chini yake. Zikipishana kidogo gemu inaweza kukusamehe, zikipishana zaidi mhusika wako anatoa ngumi ya kawaida katikati ya shambulio la mtu na unakula kichapo ukiwa bado unajiuliza. Sasa chukua batani moja ya bega la pedi, ipe hiyo kazi ya mbili kwa moja, rudia tena uangalie listi. Mistari yote imenyooka. Hii kitu haikugharimu hata senti na imekuongezea ushindi kuliko skini (vazi la mhusika) yoyote.

Ukimaliza batani nenda kwenye sauti (punguza muziki, pandisha sauti za mapigo, utanishukuru), halafu ndo urudi kwenye mavazi.

Nacheza pedi nyumbani na stiki nikiwa na wenzangu, kila mara napanga upya. Hakuna dawa?

Dawa ipo, inategemea gemu. Super Smash Bros. Ultimate ya 2018 inahifadhi mpangilio wa batani chini ya jina fupi unalojiandikia, ukikaa kwenye mashine ya mtu unaunda jina lako, unapanga mara moja, siku nzima unachagua jina tu. Nyingine zinakupa nafasi kadhaa za mipangilio, iweke ya pedi kwenye ya kwanza, ya stiki kwenye ya pili, na uzipe majina usizibahatishe.

Kwa watengenezaji: tafadhali hifadhini mpangilio kwa kifaa na kwa mhusika, vyote viwili. Mtu anaweza kutaka batani ya kurusha mtu iwe karibu na kidole gumba kwa mhusika wa mieleka na asiitake kabisa kwa yule wa kukaa mbali. Na skrini ya kupanga batani ifunguke kutoka skrini ya kuchagua wahusika, sio nirudi menyu kuu, mipangilio, kontrol, ukurasa wa tatu, wakati mwenzangu ananisubiri na kushika tama.

Renki iwe moja kwa akaunti nzima au kila mhusika na yake?

Kila mhusika na yake, hapa mi sipepesi macho. Street Fighter V pointi za ligi zilikuwa za akaunti nzima, matokeo yake mtu akipanda na mhusika mmoja anaogopa kugusa mwingine, maana akimgusa anakutana na watu wa levo yake ya zamani wakati mikono bado haijui kitu, wanamchapa anashuka, anakasirika anarudi kwa yule yule wa kwanza. Wengine walikuwa wanafungua akaunti ya pili kwa ajili ya kujifunzia, na hapo walioumia ni wageni waliokutana na huyo "mgeni" anayepiga kombo za mwisho wa dunia.

Street Fighter 6 ilipotoka Juni 2023 wakabadilisha, kila mhusika ana renki yake, unacheza mechi kadhaa za kupangiwa nafasi halafu unaanzia hapo. Ukifika pointi 25,000 unaingia ngazi ya Master, na ndani ya Master kuna hesabu nyingine inayoanzia 1500, inapanda na kushuka. Kwenye profaili hiyo inasomeka vizuri sana: namuona huyu jamaa ni Master kwa mhusika Juri ila kwa mhusika Zangief bado yuko chini, Gold, leo kaja na Zangief, basi anajifunza, tucheze kiroho safi.

Asilimia za ushindi zionekane kwa wote?

Mi ningezificha, au niziweke ndani ndani huko. Mfumo wa kupanga mechi ukifanya kazi yake vizuri unakukutanisha na wa saizi yako, kwa hiyo asilimia ya karibu kila mtu inavutwa kuelekea 50. Mwenye 52 anaweza kuwa hatari kuliko mwenye 70 anayechagua wapinzani. Namba hii inadanganya pande zote mbili na kazi yake kubwa ni kuwafanya watu wakatae mechi.

Namba zinazosaidia ni zile zinazokueleza unapigwaje. Street Fighter 6 ina saiti yake ya takwimu, Buckler's Boot Camp, humo unakuta unatumiaje geji ya Drive (ule mstari wa nguvu za mbinu maalum), umerushwa mara ngapi na umejinasua mara ngapi, unakaa muda gani umebanwa kwenye kona. Hizo ukizisoma hata dakika tano unajua wiki hii ufanyie nini mazoezi. Mtu analalamika mhusika fulani kazidi nguvu, ukifungua takwimu zake unakuta nusu ya raundi yuko konani na kujinasua kwenye kurushwa hajui kabisa, sasa hapo mhusika kakosa nini?

Kwa hiyo kama unajenga profaili gawa namba mafungu mawili. Za kuonyesha wote ni renki, mhusika, kiwango cha kumaliza mechi, mtandao. Za mwenyewe ni zile za kujifunzia, na awe na uwezo wa kumwonyesha kocha au rafiki akitaka.

Kumaliza mechi ndo nini?

Ni kipimo cha kama mtu anatoka mechi akiwa anashindwa au anavumilia mpaka mwisho. Kuna watu wakiona damu imebaki kidogo wanachomoa waya. Hii namba iwe mbele kabisa kwenye kadi, rangi ya kuonekana, na isifutike kwa kubadilisha jina. Ila pia iwe na huruma, ihesabu mechi za karibuni tu, kwa sababu umeme hukatika na kipanga njia (router) hufa kama kawaida, mtu asibebeshwe lawama ya mwaka jana.

Alama ya Wi-Fi pembeni ya jina langu inafanya watu wanikimbie. Sio haki!

Pole, ila wanaokukimbia wana sababu. Gemu nyingi za siku hizi zinatumia mfumo wa rolbaki: mashine yako haisubiri batani za mpinzani zifike, inakisia atafanya nini na kuendelea, zikifika na kisio likawa kosa inarudi nyuma fremu kadhaa na kupiga hesabu upya haraka haraka. Ucheleweshaji ukiwa ule ule muda wote mfumo unaumudu, hata kama mko mbali. Tatizo la Wi-Fi ni kuyumba, sekunde hii paketi zinafika vizuri, sekunde ijayo zinakwama halafu zinakuja kwa mkupuo, na mpinzani anaona mhusika wako anaruka kutoka hapa mpaka pale bila kupita katikati. Ping yako (muda wa taarifa kwenda na kurudi) inaweza kusoma ndogo tu na bado ukawa kero.

Waya kama unaweza. Kama huwezi, sogea karibu na kipanga njia, tumia masafa ya 5 GHz, na zima daunilodi zinazoendelea nyuma.

Ila kwa watengenezaji, alama ya Wi-Fi peke yake ni hukumu ya jumla jumla. Onyesheni na uthabiti wa mechi zake za karibuni, kuna mtu wa Wi-Fi tulivu na kuna mtu wa waya mbovu.

Kwa nini vifaa visiongeze nguvu? Nikivaa gloves za chuma nipige zaidi, inaleta raha.

Inaleta raha ukicheza na kompyuta. Injustice 2 ya 2017 ilijaribu hiyo, vifaa unavyookota vinapandisha nguvu, ulinzi, afya, na ukikaa peke yako unakusanya ni uraibu mtupu. Ila wenyewe walijua, wakaweka njia ya kuzima hizo namba kwenye mechi za ushindani, unabaki na muonekano tu. Hilo linakuambia kila kitu.

Super Smash Bros. ya Wii U na 3DS, 2014, nayo ilikuwa na mapigo ya kubadilisha kwa kila mhusika. Wazo tamu kweli, lakini mpinzani hana namna ya kujua umebeba pigo lipi mpaka limtue usoni, na mapigo mengine ulikuwa huyapati mpaka uyatafute kwa bahati. Kwenye Ultimate wakayaondoa, wakawaachia Mii tu, wale wahusika unaojiundia mwenyewe.

Ukitaka kuwapa watu uchaguzi wa kimchezo, uwe mdogo, wazi, na uonekane kabla ya raundi. Chaguo la staili mbili tatu lenye alama kubwa kwenye kadi linatosha. Vifaa mia vyenye asilimia mbili mbili havisomeki na mtu yeyote, na mwenye muda mwingi au hela nyingi ndo anashinda.

Mashindano yanakataza mavazi yangu. Nimekosea nini?

Hujakosea, umefunika. Pambano linasomwa kwa viungo: bega linapozunguka najua inakuja ngumi ya juu, goti linapopanda najua ni teke la kati, kisigino kinapotoka chini nabloku chini. Sasa wewe umemvalisha mhusika joho linaloburuta sakafuni, umemwekea mabawa mgongoni na kichwa cha mnyama, teke la chini linaanza na kumalizika ndani ya joho. Nina labda fremu 18 au 20 za kuamua, robo ya hizo nazipoteza natafuta mguu uko wapi.

Na mara nyingi sehemu za kugusana hazifuati nguo, zinafuata mwili wa ndani. Kwa hiyo joho pana linanifanya nidhani nimekukosa wakati nimekugusa, na mabawa yananifanya nidhani nimekupiga wakati nimepiga hewa. Avata (mhusika unayejiundia mwenyewe) wa Street Fighter 6 ni kesi ya kinyume, pale ukimrefusha mikono anafikia mbali kweli, watu wametengeneza viumbe vya ajabu usipime, ila mechi zao ziko pembeni, renki wanacheza wahusika wa kawaida. Sawa kabisa hiyo.

Kipimo ninachokipenda: geuza mhusika awe mweusi tii kwenye ukuta mweupe, piga picha fremu ya kwanza ya kila pigo kubwa, mwonyeshe mtu anayejua gemu. Akitambua pigo, vazi limepita. Asipotambua, vazi libaki la lobi (ukumbi wa kusubiria mechi) na la skrini ya ushindi, huko liwe kubwa linavyotaka.

Na wekeni swichi kwa mtazamaji: "onyesha mavazi ya mpinzani, ndio au hapana". Wewe unabaki na joho lako kwenye skrini yako, mi namuona mhusika wa kawaida kwenye yangu, hakuna aliyeumia. Hii swichi ingemaliza ugomvi wa miaka.

Rangi je? Si rangi haifuniki kitu.

Haifuniki ila inachanganya. Watu wawili wakichagua mhusika mmoja na rangi zinazokaribiana, mmoja akaruka juu ya mwingine, hapo kila mtu anajipoteza, hata mtangazaji. Gemu izuie rangi mbili kufanana, na kama kuna uhuru wa kuchanganya mwenyewe, kama ule wa The King of Fighters XIII ambapo unabadilisha kipande kwa kipande, basi iangalie umbali kati ya rangi za wawili na ikiona zinakaribiana imwekee mmoja mstari mwembamba wa rangi kuzunguka mwili.

Halafu kuna upofu wa rangi. Karibu mwanaume 1 kati ya 12 ana shida ya aina hiyo, zaidi nyekundu na kijani, wanawake ni kama 1 kati ya 200. Kwenye lobi ya watu wengi kuna uwezekano mkubwa yuko mmoja. Usitegemee nyekundu na kijani kutofautisha upande wa kwanza na wa pili, wala kuonyesha geji imejaa au bado. Weka umbo na maandishi. Tekken 8 ilijaribu kusaidia kwa kugeuza wahusika kuwa mistari mistari, nia nzuri, lakini kabla gemu haijatoka wakajitokeza watu wakasema mistari ile ikicheza kwa kasi inaweza kuwaletea kipandauso au hata kifafa wenye matatizo hayo. Kwa hiyo msaada wa mtu mmoja uujaribu na watu wa aina nyingine kabla hujautoa.

Na wasioona kabisa wanacheza pia, sio utani. Street Fighter 6 ina sauti za kuwasha zinazokuambia umbali wa mpinzani, kama pigo limetua juu au chini, geji imebaki kiasi gani. Mpangilio wa namna hiyo uandikwe kwenye profaili ya mtu ili akiingia kwenye mashine nyingine umfuate.

Avata wa lobi ana faida gani kama hapigani?

Ndo sehemu ya kumwaga ujinga wote ambao ulingoni haufai. Guilty Gear Strive, 2021, ina vijitu vya pikseli vinavyokimbia kwenye lobi, unavivalisha kofia na miwani. Tekken 8 na Street Fighter 6 zina avata kamili wanaozunguka ukumbini na kukaa kwenye mashine. Kule vaa sanduku kichwani, hakuna anayekosa kubloku kwa ajili yako. Onyo moja tu, lobi ya kutembea isiwe njia pekee ya kupata mechi, mtu akitoka kazini ana nusu saa hataki kutembeza kijitu dakika tano kutafuta kiti.

Vitu vya kujipamba vipatikane kwa kucheza au kwa hela?

Vyote viwili, ila kwa adabu. Hii habari sio ya leo, Sega walipotoa Virtua Fighter 4 mwaka 2001, kwenye kumbi za gemu za Japani mchezaji alikuwa na kadi yake, anaichomeka kwenye mashine, rekodi na renki zinakaa humo, vitu vya kumvalisha mhusika anavipata kwa kucheza. Watu walikuwa wanaona kofia fulani wanajua huyu katoka mbali. Kitu kina hadithi.

Sasa ukiuza kila kitu hadithi inakufa. Street Fighter 6 ina sarafu za aina mbili, Drive Tickets za kucheza na Fighter Coins za hela halisi, na mavazi ya pili ya wahusika wa mwanzo unaweza kuyapata bila kulipa, hapo nawapa maksi. Lakini mavazi ya avata ya kobe wa Teenage Mutant Ninja Turtles, 2023, ukinunua yote manne ulikuwa unafikia bei ya gemu nzima, tena kwa avata, na kelele zilisikika mbali. Tekken 8 nayo ilitoka 26 Januari 2024 ikiwa haina duka, wiki chache baadaye duka likafunguliwa. Watu hawakuchukia kofia, walichukia kwamba wakati wanaamua kununua gemu duka halikuwa mezani.

Ukiniuliza: semeni mapema, andikeni bei kwa hela halisi pembeni ya sarafu za gemu, msiuze sarafu kwa mafungu yanayobakiza chenji isiyonunua kitu, na vile vya renki na mashindano visiuzwe kamwe. Akikiona mtu kwenye kadi yako ajue umekitokea jasho.

Seva zikifungwa vitu vyangu vinaenda wapi?

Mara nyingi havirudi. MultiVersus ilizimwa onlaini 30 Mei 2025, aliyekuwa ameipakua na kuingia kabla ya hapo akabaki na modi za kucheza bila mtandao, wengine basi. Kabla hujalipa angalia kama mavazi yanafanya kazi ukiwa huna intaneti. Kama gemu inadai mtandao hata kwa kufungua kabati la nguo, nunua ukijua unakodi.

Modi za kompyuta (mods, mafaili ya mashabiki yanayobadilisha gemu) je, si naweka skini yoyote bure?

Inaonekana kwako tu, mpinzani haoni. Kwenye mashindano na ukiwa unastrimu usiweke, apdeti ikija inaweza kuvunja gemu, na kuna kampuni zinafungia akaunti. Nyumbani peke yako ni shauri lako.

Watu wanatengeneza picha na majina ya matusi kwa zana za gemu. Tuzifute zana?

Hapana, utaua raha ya wengi. Soulcalibur VI ya 2018 ilikuwa na uundaji wa wahusika mpana mpaka watu wakaunda vitu ambavyo siwezi kuviandika hapa, na bado ni moja ya sababu watu wanaikumbuka kwa furaha. Chujio la maneno peke yake halitoshi, watu wanaandika tusi kwa namba au kwa lugha ambayo chujio halijui, na wakati huo huo linamkataza mtu jina lake halali. Inayosaidia ni kitufe cha ripoti kilicho pale pale kwenye kadi ya mpinzani baada ya mechi, picha ya kadi inajiambatisha yenyewe, na aliyeripoti haioni tena ile profaili hata kama uamuzi bado haujatoka. Na michoro ya kubandika mwilini iwe na ukomo wa idadi, matusi mengi yanahitaji tabaka nyingi za maumbo.

Profaili yangu ifichwe kiasi gani?

Jina la kweli, sura, mahali unaposoma, visikae huko. Bendera ya nchi iwe hiari. Saa ulizokuwa onlaini zifiche, kuna watu wanafuatilia wenzao kwa hizo. Kama mtumiaji ni mtoto, chati na maombi ya urafiki vianze vikiwa vimezimwa, mzazi ndo awashe.

Kivuli cha mchezaji ni nini, na kina uhusiano gani na profaili?

Tekken 8 ina kitu inaita Ghost, gemu inaangalia unavyocheza, inatengeneza nakala inayoiga tabia zako, na watu wanaweza kupigana nayo wewe umelala. Kwangu hiyo ndo profaili ya kweli kuliko zote. Pigana na nakala yako mwenyewe, utaiona inarudia pigo lile lile kila ikiamka kutoka chini, utaipiga, utacheka, halafu utakumbuka ni wewe.

Sisi ni timu ndogo, bajeti haipo. Tuanze na nini?

Mpangilio wa batani, halafu kadi ya mpinzani yenye vitu vinne tu, halafu rangi. Rangi ni rahisi kutengeneza na watu wanazipenda kuliko mnavyodhani, rangi nane nzuri kwa kila mhusika zinashinda kofia hamsini mbovu zinazopenya kichwani.

Kiufundi, muonekano wa mchezaji uhifadhini kama orodha fupi ya namba, rangi namba 5, kofia namba 12, cheo namba 40, mtumiane hizo namba kabla ya raundi kuanza, mafaili yenyewe yawe tayari kwenye mashine ya kila mtu hata asiyeyamiliki. Na muhimu kuliko yote, mapambo yasiguse kabisa hesabu za pambano. Rolbaki inarudi nyuma na kuhesabu upya fremu kadhaa ndani ya fremu moja, mkiweka nguo inayopepea ndani ya hizo hesabu mnaibebesha kazi bure, na nguo ikipepea tofauti kwenye mashine mbili halafu pigo likaitegemea, mechi zinaachana, kila mtu anaona mshindi wake. Nguo zipepee nje huko, kwenye uchoraji.

Avata, lobi ya kutembea na duka ni vya baadaye. Kuna gemu zina lobi nzuri na hakuna mtu ndani.

Nikibadilisha jina rekodi zinafutika?

Zisifutike. Rekodi zinakaa kwenye namba ya akaunti, jina ni lebo. Gemu nzuri inaonyesha jina la zamani kwa muda, ili marafiki wakutambue na ili aliyekuwa anachomoa waya asijifiche. Ukitaka kuanza upya kwa mhusika mmoja omba kufuta renki ya huyo mmoja, kama gemu inaruhusu, usiende kufungua akaunti nyingine.